Uwanja wa ndege wa Goma ukifunguliwa, ndege za kivita zirudi palepale?

BintiBirere

Nina swali, ila siwezi kuliuliza kabla sijasema nimekulia wapi.

Kwetu ni Birere, mtaa wa Goma, mashariki ya Kongo, upande ule ambao pisti inaishia ukielekea ziwani. (Pisti ndiyo njia ya kurukia ndege, sisi tunaiita hivyo.) Kwa wasioijua Goma: uwanja uko katikati ya watu. Kaskazini mlima Nyiragongo, kusini Ziwa Kivu, na hapo kati ni mabati, makanisa, vibanda vya kubadilisha pesa, ukuta wa mawe meusi ya volkano, halafu ndege. Nikiwa mtoto nilijua saa kwa mlio. Ya Kinshasa ilikuwa na mlio wake, ya Kindu wake, vindege vya Walikale vilikuwa kama pikipiki, na zile nyeupe za Umoja wa Mataifa zilikuja bila ratiba tuliyoijua. Mama akisikia avioni inashuka alikuwa ananyamaza katikati ya maneno. Ikishapita anaendelea na neno lilelile alipoliachia.

Hofu yake haikuwa ya bure. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria, DC-9, ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa pisti ikaingia Birere, kwenye maduka na nyumba. Watu makumi walikufa, na wengi wao hawakuwa wamepanda ndege yoyote siku ile. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapika. Nilikuwa na miaka 17. Nakumbuka mvua na harufu ya mafuta, na mama akituhesabu sisi watoto mara tatu. Pisti ilikuwa imebaki fupi tangu lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipofunika kipande chake cha kaskazini. Kisha tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya kwenda Beni ikaanguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo, dakika chache tu baada ya kuruka.

Hizo zilikuwa ajali. Tulizika, tulilia, tukadai uwanja utengenezwe. Leo sina neno na ajali.

Waasi wa M23 walipoanza tena vita mwishoni mwa 2021, uwanja huohuo wa abiria ukawa pia mahali pa kuondokea ndege za kupiga. Ndege za kivita za serikali, Sukhoi, zilikuwa zinapaa, vyombo kabatini vinagongana, mtoto wa dada yangu anajificha chini ya meza. Baadaye zinarudi, na ukiwa sokoni unaona watu wote wameinua macho kuhesabu kama zimerudi zote. Tarehe 24 Januari 2023 moja ilirudi na moto kwenye bawa, imepigwa kombora. Rwanda ilisema ndege hiyo iliingia kwenye anga yake, Kinshasa ikasema hicho ni kitendo cha vita. Wakubwa walibishana juu ya mpaka wa angani. Sisi tuliona ndege inayowaka inatafuta pisti iliyozungukwa na nyumba zetu.

Kisha usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 2024. Ilikuwa kama saa nane za usiku. Mlipuko wa kwanza nilidhani ni Nyiragongo, kwa sabu mwaka 2021 tulikimbia lava usiku na mwili bado unakumbuka. Nilishika viatu na kitambulisho. Mlipuko mwingine ukanijulisha kwamba si mlima. Kesho yake jeshi likasema ni droni kutoka Rwanda na kwamba zilikuwa zinatafuta ndege zake. Ndege za jeshi hazikuguswa. Zilizoharibiwa ni za raia.

Sasa niwaambie mimi nilikuwa nafanya nini pale uwanjani. Nilikuwa natuma fromaji ya Masisi Kinshasa. Jibini, kwa wenzetu wa Tanzania: yale maduara ya njano yanayotengenezwa milimani. Wakulima walinishushia Jumatatu na Alhamisi, mimi na wasichana wawili tunayapangusa kwa kitambaa cha chumvi, tunafunga kwenye katoni, tunapima kwenye mizani yangu mwenyewe maana ile ya depo sikuiamini. Mdogo wangu anapokea Ndjili, uwanja wa Kinshasa, jioni. Kwa barabara Goma na Kinshasa hazifikiani, kila mtu wa Kongo anajua. Ndege ndiyo barabara yetu. Zaidi ya mara moja mzigo niliokwisha kulipia ulibaki chini kwa siku mbili, tatu, tunaambiwa tu "leo pisti ina kazi nyingine". Fromaji inatoa jasho, inavimba, unaiuza nusu bei palepale soko la Virunga. Hakuna aliyenilipa hata franga moja. Na kila safari ya ndani abiria tulilipa go-pass dola 10, ya nje dola 50, pesa waliyosema ni ya kutengenezea viwanja.

Januari 2025 mji ulichukuliwa na M23, na uwanja ukachukuliwa. Tangu hapo hakuna ndege ya abiria. Oktoba 2025 huko Paris Rais Macron alitangaza kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada, M23 wakakataa. Mimi niko Kampala sasa, nashona nguo, kazi niliyoiacha miaka kumi iliyopita.

Siku moja utafunguliwa, ninaamini. Swali langu ni hili: kuna mji ambao watu wake waliwahi kusema "uwanja huu ni wa abiria na mizigo, ndege za kivita zitafutiwe pengine" wakasikilizwa? Walifanyaje? Nani alizungumza kwa niaba yao? Sisi Birere hatukuwahi kuulizwa hata mara moja, na sitaki siku ya kukata utepe ije tukiwa bado hatujaandika hata barua.

---

FundiUmeme_Kisauni

Dada, pole sana. Pole ya Mama pia.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini nilifanya kazi ya umeme Djibouti karibu miaka minne. Pale nimeona kitu kinachofanana na swali lako.

Uwanja wa Djibouti unaitwa Ambouli. Njia ya kurukia ni moja tu. Kwenye njia hiyo moja kuna ndege za abiria, kuna Wafaransa waliokuwapo tangu zamani, kuna Wajapani, na kuna Wamarekani wenye kambi yao ya Lemonnier ukutani kabisa mwa uwanja. Kambi yenyewe ilikuwa ya Wafaransa kabla ya Wamarekani kuingia miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2014 walitia saini mkataba mpya, dola milioni 63 kwa mwaka. Kijana niliyekuwa nafanya naye kazi, Msomali wa Balbala, alikuwa akinionyesha mtaa wao usio na maji ya bomba na kuniambia, "Kodi ya hiyo kambi inapita juu ya paa letu kila siku, lakini haishuki."

Sasa jambo linalokuhusu. Wamarekani walikuwa wakirusha droni zao hapohapo Ambouli, zinapishana na ndege za abiria. Zikaanza kuanguka. Mwaka 2011 moja ilianguka jirani na makazi ya watu. Serikali ya Djibouti ilichoka, ikawaambia wazihamishe, na mwezi Septemba 2013 zikahamia uwanja mwingine mkavu wa jangwani unaoitwa Chabelley, kilomita kama kumi na kitu kutoka mjini. Ndege zao nyingine zilibaki Ambouli. Halafu Aprili 2018, baada ya ndege yao ya kivita, Harrier, kuanguka palepale uwanjani na helikopta yao moja kupata matatizo siku hiyohiyo, serikali iliwasimamisha wasiruke kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo inawezekana, dada. Ila angalia nani alisema. Si wakazi wa Balbala waliosikilizwa. Ni mwenye nyumba aliyemwambia mpangaji. Na yule mpangaji alikuwa na pesa za kujitengenezea uwanja mwingine. Kwenu mwenye nyumba na mwenye ndege ni mtu mmoja, hapo ndipo naona ugumu.

---

MzeeWaKirumba

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni wa Mwanza.

Uwanja wetu wa Mwanza abiria na jeshi wanatumia pamoja, JWTZ wana kikosi chao cha anga pale. Tumekaa nao miaka na miaka, wajukuu wangu wanapenda kutazama ndege zao. Sijawahi kusikia mtu wa Ilemela analalamika kwa sababu hiyo. Lakini hiyo ni wakati wa amani, mimi nakumbuka vita vya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilikuja kupiga Mwanza. Ilikosa ilichokitafuta, ikapiga kisiwa cha Saanane, pale palipokuwa na bustani ya wanyama, ikaua swala. Tulikwenda kuwaona. Nilikuwa kijana, niliwatazama wale swala nikafikiria kama rubani angechelewa kidogo tu kubonyeza, ingekuwa Kirumba.

Ndiyo maana mimi sikuchukii wewe ukisema ndege za vita ziwekwe mbali. Ngerengere kule Morogoro jeshi letu lina uwanja wake porini. Kuna sababu ya kuupeleka porini.

---

PapaMizigo

Mwanangu BintiBirere, nakujua. Jina lako sitalitaja hapa. Wewe ndiye ulikuwa unagombana na watu wa depo juu ya mizani. Fromaji yako nimeibeba mara nyingi, ilikuwa inafungwa vizuri.

Mimi niko Goma, sijatoka. Nilianza kubeba mizigo uwanjani mwaka 1989, Mobutu akiwa bado yuko. Nataka niseme tofauti kidogo na wewe, usinikasirikie.

Jeshi halikuanza kuja pale 2021. Mwaka 1994 wanajeshi Wafaransa wa operesheni Turquoise walijaza uwanja wote, hatukuwa na nafasi ya kuweka hata chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo. Zile avioni kubwa zilitua usiku na mchana na sisi tulizilaani, maana hakuna aliyetuambia zimekuja kufanya nini. Kisha wakimbizi wa Rwanda wakaingia, kipindupindu kikaingia, watu walikufa kwa makumi ya maelfu, tulikuwa tunapita barabarani tunaruka maiti. Wamarekani wakaleta mitambo ya kusafisha maji. Ililetwa na nini? Na avioni za kijeshi, kwenye pisti ileile. Nilishusha mapipa yao kwa mikono hii.

Na Januari 2025, hospitali zilipojaa majeruhi mpaka wakalazwa chini ya mahema, uwanja ulikuwa umefungwa. Dawa zikawa zinazunguka kwa barabara kupitia Rwanda. Kwa hiyo ninapomsikia mtu anasema "ndege za jeshi zisitue", moyo unaniuliza: na ile inayoleta damu na dawa?

Jambo la pili, tuseme ukweli sisi kwa sisi. Nilipoanza kazi, kutoka pisti mpaka nyumba ya kwanza kulikuwa na shamba la maharagwe na uwanja wa mpira. Leo nyumba zimeshika ukuta. Parseli zile, viwanja vya kujengea, ziliuzwa, watu wakapewa karatasi zenye mihuri. Aliyenunua alikuwa maskini anatafuta pa kulala. Aliyeuza alijua kabisa pale ni mdomo wa ndege. Kama tunaandika barua, na hilo liandikwe.

Kamina kuna kambi kubwa ya anga waliyojenga Wabelgiji, huko ni kwa jeshi peke yake. Lakini Kamina ni mbali mno na vita vya huku. Ndiyo maana waliziweka hapa.

---

BintiBirere

Papa, shikamoo. Nimesoma maneno yako nikalia kwanza, ndiyo najibu sasa. Nimefurahi sana kujua uko mzima.

Siwezi kukukasirikia. Lakini sikusema ndege ya dawa. Ndege ya dawa hata ikiwa na rangi ya jeshi itue, hata saa nane za usiku itue, mimi mwenyewe nitakuja kushusha. Ninachosema ni ndege iliyobeba bomu chini ya bawa. Ile inapolala jirani na avioni ya abiria, adui anapokuja kuitafuta hatafuti kwa sindano. Februari 2024 tumeona. Umesema waliziweka Goma kwa sababu vita viko karibu. Ni kweli Papa, na mimi nasema hiyo sababu yao ndiyo ilitufanya sisi kuwa karibu na vita zaidi. Hakuna aliyekuja Birere akasema, mama, kuanzia leo nyumba yako iko mita mia kadhaa kutoka kitu ambacho adui anataka kukivunja, unaonaje, tukusaidie uhame?

Na juu ya parseli umesema vema. Nyumba ya mama ina karatasi yenye mihuri minne. Nitaandika.

---

MwanafunziWaSheria_Mlimani

Naongeza la kisheria, kwa kifupi.

Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 inayoongezea Mikataba ya Geneva, ibara ya 58, inazitaka pande zinazopigana ziepuke, kadiri inavyowezekana, kuweka shabaha za kijeshi ndani au karibu na maeneo yenye watu wengi. Kwa hiyo unachokidai tayari kimeandikwa. Si hisani unayoomba. Udhaifu wake ni hayo maneno "kadiri inavyowezekana", kila jeshi duniani linajificha humo. Na itifaki yenyewe iliandikwa kwa vita vya nchi na nchi. Vita vya serikali na waasi vina kanuni zake, kwa hiyo mwanasheria wa upande wa pili ataanzia hapo.

La pili, ibara ya 52: uwanja wa raia unaotumiwa kijeshi unaweza kuhesabiwa kuwa shabaha halali. Lakini hilo halimpi anayeshambulia ruhusa ya kutowajali raia. Kosa la aliyeegesha halimfutii kosa aliyepiga. Katika barua yenu msiache pande zote mbili, la sivyo mtasomwa kama mmechukua upande wa mmoja na barua itatupwa.

Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia, hauhusu ndege za kijeshi isipokuwa kwa mambo machache, na mojawapo ni hili: nchi zinapotunga kanuni za ndege zao za kijeshi zizingatie usalama wa ndege za raia. Mstari huo mmoja ungeutumia kwa ile "leo pisti ina kazi nyingine".

---

FundiUmeme_Kisauni

Mwanasheria amenena. Mimi ningeshauri msiombe "jeshi litoke", hilo litawagombanisha na kila mtu, pamoja na akina Papa. Ombeni vitu vinavyohesabika. Ndege yenye silaha isilale Goma usiku. Maegesho yake yawe kaskazini, mbali na jengo la abiria. King'ora cha mtaa kiwepo, maana mlivyoamka kwa mlipuko si sawa. Na fidia ya mizigo iliyocheleweshwa iwe na dirisha la kwenda kudai. Djibouti waliposema "droni, Chabelley", kila mtu alijua kinachotakiwa.

---

BintiBirere

Asante kaka. Hiyo ya king'ora sikuwa nimeifikiria kabisa, na ndiyo ya kwanza nitaiandika, kwa sabu mama yangu sasa sikio moja halisikii na bado hataki kutoka Birere. Anasema amezika huko watu wengi mno.

Nimeanza daftari. Majina ya familia 11 mpaka sasa, wengine wako kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wengine Kigali, watatu wako Goma bado. Kila mmoja anaeleza nyumba yake iko wapi kutoka kwenye ukuta, alinunua mwaka gani, alipoteza nini. Mwanafunzi wa Mlimani, nikimaliza utanisomea kabla hatujaituma? Hatujui bado tutaipeleka kwa nani, kwa sabu leo anayeshika uwanja si yule aliyekuwa anaushika, na kesho sijui. Tutaiandika hivyohivyo, nafasi ya jina la mpokeaji tutaiacha wazi.

Papa, nina ombi. Mizani yangu niliiacha kwenye depo, kona ya kushoto nyuma ya mlango wa chuma, nimeifunika gunia la bluu. Kama ukipita upande ule, bila kujihatarisha, niangalizie tu kama jengo liko.

---

PapaMizigo

Nilipita Jumanne, kabla hata hujaniomba. Jengo liko. Bati la upande wa nyuma limetoboka. Mlango una kufuli jipya na kuna kijana amekaa hapo na silaha, nilimsalimia akaniitikia, nikaendelea na njia yangu.

Kwenye daftari lako niandike na mimi. Mtaa wa Majengo, mita kama mia nne kutoka ukutani, nilinunua 1996.